Ukuta wa Kwa Kihara

Mweiga,
4 Machi 2024

Dada Zeynab,

Salamu nyingi. Sijui kama utanikumbuka. Mimi ni Mwai, mtoto wa Gathogo, tuliyekaa nawe katika ile nyumba ya Kwa Kihara wakati baba zetu walipokuwa washirika. Mara ya mwisho kukuona ulikuwa umeketi juu ya magunia nyuma ya lori, mnahamia Nanyuki, nami nilikuwa nimesimama kwenye veranda upande wetu. Nambari yako ya simu sikuipata. Anwani hii nilipewa na wazee wa msikiti huko Nanyuki nilipokwenda kununua ndama. Waliniambia ulistaafu ukarani mahakamani, na kwamba barua zako bado unazifuata posta mwenyewe.

Ninaandika kwa sababu ya paa.

Unajua vile nyumba hii ilivyo. Yule mzungu wa kahawa tuliyeambiwa aliitwa Kihara kwa ajili ya upara wake aliijenga mwaka wa 1928, na aliijenga vizuri. Kuta za nje ni za mawe yaliyochongwa kwa mkono. Boriti ni za mutarakwa, ule mwerezi wa milimani, na hadi leo mchwa hawajazigusa. Lakini aliijenga iwe nyumba ya mtu mmoja. Baba zetu walipoinunua na baadaye kuigawa, waligawa vyumba. Paa hawakuligawa. Limeshikana kutoka chumba chenu cha mwisho hadi jikoni kwetu.

Sasa mabati ya upande wenu yameoza. Maji yanaingia kwenu, yanafuata boriti kubwa, kisha yanashuka kwetu kwenye ule ukuta wa katikati ya sebule. Boriti yenyewe imeanza kulainika mahali inapopita juu ya ukuta huo. Mimi nilifanya kazi ya kusimamia mafundi katika wizara ya ujenzi mpaka nikastaafu, kwa hivyo sikutishi bure. Nikitengeneza nusu yangu peke yake nitakuwa nimetupa mabati.

Naomba ruhusa nifungue upande wenu niingie na fundi. Tangu mlinzi wenu aondoke sijagusa kufuli hiyo, wala sijamruhusu mtu kuigusa.

Mvua ya masika iko karibu.

Wako,
Mwai Gathogo


Nanyuki,
19 Machi 2024

Bw. Mwai,

Barua yako nimeipata. Ninakukumbuka.

Nimekaa mahakamani miaka mingi na nimeona ndugu wa tumbo moja wakishtakiana kwa ajili ya choo. Kwa hivyo hata ukipata nambari yangu, usinipigie kuhusu jambo hili. Tuandikiane, kila mtu abaki na nakala.

Ruhusa ya kuingia siwezi kukupa kwa sasa. Nusu yetu ni yangu na ya ndugu yangu mdogo, Abdiweli, ambaye ni mfanyabiashara wa mifugo hapa na Isiolo, na bado tunazungumza naye kuhusu mahali hapo. Tafadhali ngoja.

Kuhusu ukuta, sina budi kusema. Huo ukuta alijenga baba yako. Mimi sikuwepo. Nilikuwa nimepelekwa kwa shangazi hapa Nanyuki, na niliporudi nilikuta sebule imekatwa katikati. Sisi tulibaki na dirisha kubwa linalotazama mlima, na nyinyi mkabaki na mahali pa moto. Wakati wa baridi tulikuwa tukilala na makoti. Baba alituambia jirani amejifunga, ameamua kukaa peke yake, na kwamba mtu asibishe hodi mahali ambapo hatakiwi. Hakuongeza neno mpaka alipofariki. Kwa hivyo kama ukuta huo unalowa, nafikiri ni wa mwenyewe kuutunza.

Nisalimie watu wa nyumbani. Marehemu mama yako nilimpenda. Alikuwa akinisuka nywele kwenye ngazi za veranda.

Zeynab Shire


Mweiga,
2 Aprili 2024

Dada Zeynab,

Mama hajafa. Ana miaka themanini na sita. Macho yamepungua na miguu imemchoka, lakini anakula, anasali na anajua bei ya maziwa. Nilipomwambia umemwita marehemu alicheka mpaka akakohoa. Halafu akauliza kama bado una nywele ngumu.

Mimi nami nina la kusema kuhusu ukuta. Baba yangu alituambia ulijengwa na Mzee Shire. Mimi pia sikuwepo, nilikuwa Murang'a kwa nyanya yetu. Niliporudi baba alisema maneno hayo hayo unayosema, kwamba jirani amejifunga. Nilipotaka kuuliza zaidi alinitazama tu, na ulimjua baba yangu. Nimekua nikijua kwamba watu wa Nanyuki walitujengea ukuta usoni. Sikuandika hivyo kwenye barua ya kwanza kwa sababu nilikuwa nahitaji paa.

Lakini leo ninaandika kwa jambo jingine. Alhamisi walikuja watu wawili na vyombo vya kupimia. Walipima upande wenu, kisha wakaruka ua na kuanza kupima upande wetu. Niliwauliza wametumwa na nani. Yule kijana zaidi alisema wanapima mahali pa loji ya watalii. Nikamwambia nusu hii ina mwenyewe na ndiye anayezungumza naye. Akanijibu, "Hiyo nayo itakuja tu, mzee."

Je, ni nyinyi? Uliniambia ningoje. Nilifikiri nangoja ruhusa ya kupanda juu ya paa.

Mvua imeanza, na tumetandaza karai na sufuria sebuleni.

Mwai


Nanyuki,
13 Aprili 2024

Bw. Mwai,

Ni kweli. Abdiweli amepata mnunuzi kutoka Nairobi ambaye anataka kujenga loji ya wageni wanaokwenda Aberdare. Nyumba haitaki. Ataibomoa, auze mawe na mbao, ajenge vibanda vya turubai na bwawa la kuogelea. Anasema nusu peke yake haimfai, kwa hivyo atakuja kwako pia, na kama nusu yetu itabomolewa sidhani yako itaweza kusimama. Hilo unalijua kuliko mimi.

Sikukuandikia mapema kwa sababu nilikuwa sijaamua. Abdiweli ameshaweka sahihi. Mimi bado. Lakini nisikudanganye, nilikuwa nimeelekea kuweka. Watoto wangu wako Nairobi na hakuna hata mmoja atakayekuja kuishi Mweiga. Nyumba iliyofungwa inazeeka vibaya zaidi kuliko mtu.

Mama yako naomba aniwie radhi. Sikuwa na habari, na tulipohama hakuna aliyeendelea kuuliza habari za mwenzake. Namshukuru Mungu kwamba nimekosea. Nywele bado ni ngumu, ila sasa nyingi ni nyeupe.

Kuhusu ukuta, baba yangu na baba yako hawawezi wote kuwa wakweli. Mmoja wao aliwadanganya watoto wake. Mama yako alikuwemo ndani ya nyumba. Muulize ni yupi, na uniandikie jibu hata kama ni la kunikata.

Zeynab


Mweiga,
6 Mei 2024

Dada Zeynab,

Ukuta umeanguka. Hakuna aliyeumia.

Ilikuwa Jumamosi mchana na mvua haikuwa imepumzika tangu juzi yake. Mke wangu na mimi tulikuwa zizini. Tulisikia kishindo kama lori linamwaga kokoto. Mama alikuwa jikoni. Alifikiri ni ng'ombe ameangusha ua, akatuita kwa hasira tukamfunge.

Nimeingia upande wenu bila ruhusa, naomba msamaha. Kufuli sikuivunja, nilipitia kwenye tundu. Nilimwita Theuri, fundi wa hapa Mweiga ambaye tulifanya naye kazi zamani, tukaegemeza boriti kwa miti kwanza, kisha tukaanza kuondoa mawe. Nitakueleza tulichokiona.

Kuta zilikuwa mbili. Upande wetu ulikuwepo ukuta wa mawe ya machimbo, umepigwa lipu kwetu tu. Upande wenu ulikuwepo mwingine, wa mawe na udongo, umepakwa simiti nyembamba kwenu tu. Migongo yao ilikuwa imetazamana, haikulainishwa, simiti na udongo vimetokeza kati ya mawe na kukaukia hapo, kama fundi anavyoacha mahali anapojua hakuna atakayeona. Huo wenu ndio uliolainika na maji, ukaangukia wetu. Miaka hii yote nilikuwa nikiona boriti inakaa mbali kidogo na ukuta wetu, nikadhani ni fundi mbaya.

Katikati kulikuwa na nafasi ya kama shubiri tatu, na ndani ya nafasi hiyo mlango. Ni ule mlango mpana wa kukunja, wenye vioo vidogo vidogo, uliokuwa ukigawa sebule, upande wa kukaa na upande wa kulia. Hakuna aliyeung'oa. Vioo vingine vimevunjwa na mawe sasa hivi, lakini vingi ni vizima. Theuri aliusukuma ukafunguka. Haukuwa umefungwa kwa ufunguo.

Kwa hivyo baba yako alijenga na baba yangu alijenga.

Nilimshika mama mkono nikamleta aone. Alipapasa ule mlango, wala hakushangaa. Alisema aliwasikia wote wawili wakijenga, yeye akiwa amelala kitandani kwa sababu amefiwa.

Unamkumbuka dada yangu mdogo, Shiku. Mimi niliambiwa alikufa kwa homa nikiwa Murang'a. Mama anasema ilikuwa surua. Iliingia nyumbani na Abdiweli, baba yako alipotoka naye Nanyuki. Ndiyo sababu wewe ulipelekwa kwa shangazi na mimi nikapelekwa kwa nyanya. Shiku alikuwa ameshaambukizwa. Alikuwa na miaka minne, Abdiweli mitatu. Baba yako na baba yangu walichimba kaburi pamoja.

Baada ya mazishi, mtu wa afya alimwambia baba yako awatenge watoto, maana Abdiweli bado alikuwa mgonjwa na mimi ningerudi wakati wowote. Baba yako hakumweleza mtu. Mama anasema alikuwa hawezi kumtazama baba yangu machoni. Alileta mawe na udongo, akaanza kujenga upande wake. Baba yangu alitoka shambani akakuta mlango umezibwa kwa nyuma, na waombolezaji bado wako uani. Alifikiri Mzee Shire anaukimbia msiba wetu. Naye akaleta mawe.

Nilimwuliza mama kwa nini hakusema. Alisema hakujua mpaka miezi ilipopita, mama yako alipomweleza kwenye tangi la maji huku wote wawili wakilia. Siku hiyo hiyo alimwambia baba. "Shire alikuwa anamkinga Mwai, asife." Baba akamjibu kwamba simiti imeshashika. Hawakuzungumza tena habari hiyo, na mama hakutaka kumwaibisha mbele yetu.

Kuna jambo moja limebaki. Kaburi la Shiku liko nyuma ya tangi. Wakati ule hapakuwa na mpaka. Mpimaji alipokuja baadaye alifuata ukuta, na kaburi likaangukia upande wenu. Mama alikuwa akipenya kwenye ua kwenda kulipalilia, mpaka miguu ilipomshinda. Sikuandikii ili nikufunge mikono. Lakini wale watu wa loji wamepigilia kigingi chekundu hapo. Ndipo bwawa litakapokuwa.

Mwai


Nanyuki,
16 Mei 2024

Ndugu yangu Mwai,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama posta. Nikaenda kuketi kwenye ngazi za duka moja nikaisoma tena, na mwenye duka akaniletea maji.

Mimi sikujua kwamba Shiku alikufa. Niliporudi kutoka kwa shangazi niliambiwa amebaki Murang'a kwa nyanya yenu. Nilikuwa nikimwuliza mama Shiku atarudi lini, naye akisema bado, na upande wenu tulikuwa tumekatazwa kwenda. Niliuliza hivyo hata baada ya kuhamia Nanyuki, mpaka nikaacha mwenyewe kama mtoto anavyoacha. Nilipokuwa mkubwa nilichukulia kwamba ameolewa huko. Mwaka juzi nilikwenda mazishi ya mwenzangu wa kazi Murang'a, na tulipopita sokoni nilijikuta natazama wanawake wa umri wake, nione kama kuna mwenye lile pengo la meno ya mbele.

Jicho la kushoto la Abdiweli halioni vizuri. Sote tuliambiwa lilichomwa na mwiba alipokuwa mdogo. Sasa najua ni surua.

Nilimsomea barua yako kwenye simu. Hakuipokea vizuri. Alisema wazee wa Mweiga wametunga hadithi ili kuharibu biashara, na kwamba nimekuwa karani wao. Nilimwambia sitaweka sahihi. Akakata simu. Nimemjua tangu kuzaliwa, nadhani atakuja huko mwenyewe kuhakikisha. Atakuja na karatasi zake, na atakuja na hasira. Si mtu mbaya, Mwai. Ni mtu ambaye hajawahi kuambiwa jambo lake mwenyewe. Akifika, mpe chai kwanza.

Upande wetu ingia. Ufunguo uko ndani ya bahasha hii, nimeufunga kwa karatasi usipotee. Toeni boriti mbovu, wekeni mabati mapya, uniandikie sehemu yangu ni ipi. Kile kigingi king'oe leo, kwa ruhusa yangu.

Nilikuandikia kwamba mmoja wa wazee wetu alidanganya. Najuta kuandika vile. Baba yangu alikuwa akiswali kila siku akiwa ametandika mkeka wake kando ya ukuta ule, na sisi watoto tulidhani ni kwa sababu huko hakuna upepo.

Ningekuja mara moja, lakini goti langu limevimba na daktari amenikataza safari mpaka mwisho wa mwezi ujao. Mwambie mama nitakuja kusukwa.

Dada yako,
Zeynab


Mweiga,
11 Juni 2024

Dada Zeynab,

Abdiweli hauzi. Atakupigia mwenyewe akuambie, kama bado hajakupigia, lakini nataka ujue mambo yalivyokwenda kwa sababu yeye hataeleza yote.

Kwanza nyumba. Boriti imebadilishwa mahali palipooza. Theuri amepata mutarakwa wa zamani kutoka kwa ghala lililobomolewa karibu na Nyeri mjini, akaunganisha mzee na mzee, na kiungo hakionekani usipoambiwa. Mabati ya upande wenu yameisha kupigiliwa, na gata za maji ya mvua tumezielekeza kwenye tangi. Mawe ya kuta zote mbili tumeyapanga nje. Sijui tuyafanyie nini, utaamua ukija. Sebule imekuwa kubwa mpaka inatutatiza. Tukiongea tunaitikiwa na dari.

Abdiweli alikuja Jumanne iliyopita. Alisimamisha gari nje ya lango, akaingia bila kubisha na faili kwapani. Ni mtu mkubwa siku hizi, sikumtambua mpaka alipotaja jina. Nilimkaribisha chai kama ulivyosema. Alikataa. Alisema amekuja kuona kaburi, kwa sababu hilo ndilo jambo ambalo mtu hawezi kulitunga.

Nilimpeleka nyuma ya tangi. Tulikuwa tumeshapalilia. Hakuna msalaba, kuna mawe tu ya mviringo, madogo, yaliyopangwa kama urefu wa meza. Alisimama akayatazama. Aliniuliza kama nina uhakika alikuwa na miaka minne. Nikamwambia ndiyo. Akasema hana kumbukumbu yake yoyote, hata sauti. Nikamwambia mimi ninayo kidogo tu, na kwamba si kosa lake. Hapo alikasirika kidogo, akaniambia hajaja kuambiwa kuhusu kosa.

Tukirudi, mama alisikia sauti ngeni, akauliza kwa Kikuyu ni nani. Nilikuwa sijakusudia wakutane. Miguu yake ilikuwa imemwuma wiki nzima, na sikujua huyu mtu atamjibu vipi. Lakini Abdiweli amefanya biashara masoko yote ya huku, Kikuyu anakijua. Aliingia jikoni akainama, kwa sababu mlango ule ni mfupi, akamwambia yeye ni mwana wa Shire.

Mama alimwambia asogee. Alimshika uso kwa mikono miwili, akampapasa mpaka akafika kwenye lile jicho, akatulia hapo.

"Ni wewe uliyekuwa mgonjwa?"

Abdiweli akasema ni yeye.

Nilidhani mama atalia. Hakulia. Alimwuliza ana watoto wangapi, naye akasema sita. Akamwuliza kama wote ni wazima, naye akasema wote.

"Basi ni vizuri," mama akasema. "Ni vizuri mmoja alipona."

Abdiweli aliliweka faili sakafuni, akaketi kwenye kile kigoda cha kukamulia kilicho kando ya jiko, ambacho ni kidogo sana kwa mtu kama yeye, na akabaki hapo, mkono wake ukiwa mikononi mwa mama. Mke wangu alimimina chai bila kumwuliza. Aliinywa yote.

Ndugu yako,
Mwai